Hapo Anaongea Tu

Nyumbani kwa Nyangi, pale Itiryo, hakuna mgeni aliyewahi kunywa chai kabla ya kuangalia muvi. Ukiingia unasalimiwa vizuri, unaonyeshwa kochi lenye kitambaa cha kufuma, na kabla hujakaa sawasawa Nyangi ameshashika rimoti. Mwenyekiti wa kitongoji aliitazama siku alipokuja kuuliza habari za choo. Wachanjaji wa ng'ombe waliitazama wakiwa na mabuti yao miguuni. Padri aliyekuja kubariki nyumba aliitazama hadi mwisho, na inasemekana tangu siku hiyo nyumba za upande ule anazibariki akiwa barabarani.

Muvi yenyewe haikuwa na risasi hata moja, na hakuna aliyeruka kutoka ghorofani. Ilikuwa sendofu, sherehe ya kumuaga binti yake wa pekee, Veronika, iliyopigwa pale pale uani na Steven, mpiga picha wa Sirari aliyevaa miwani ya jua mvua ikinyesha. Vijana wa senta walimletea Nyangi muvi za Kikorea na za Kinaijeria ili angalau abadilishe. Yeye aliuliza swali moja tu: "Machage yumo?" Wakasema hayumo. Basi, habari ikaishia hapo.

Machage alikuwa mume wake. Aliugua kifua masika yaliyofuata baada ya sendofu, akaondoka duniani bila kumsumbua mtu, kama alivyoishi. Alikuwa mtu wa maneno machache na picha chache zaidi. Iliyobaki ni ile ya kitambulisho, ambayo ametoa macho kama mtu aliyekamatwa usiku na hajui kosa lake. Kwenye muvi, Machage anatembea. Anacheka. Anakunywa soda kwa mrija, kitu ambacho Nyangi hakuwahi kumwona akifanya maishani. Halafu linalia litungu, ala ya nyuzi ya Kikurya, naye Machage, aliyekuwa akijidai magoti hayafai, anaruka juu mara mbili tatu huku koti la kuazima likimpepea mabegani. Hapo ndipo Steven alipoonyesha ufundi wake wote: alijaza mioyo midogo myekundu inayoelea kuzunguka kichwa cha mzee. Mioyo hiyo Steven aliiweka kila mahali. Aliiweka hata kwa ng'ombe wa mahari, ambao aliwaonyesha wakiingia zizini kwa mwendo wa polepole, na mmoja wao akakojoa polepole hivyo hivyo, kwa muda mrefu kweli.

Kuangalia muvi hiyo peke yako ungeweza. Kuisikia, hapana. Nyangi aliongea tangu maandishi ya moto yanapowaka mwanzoni mpaka Steven anapojiandika jina lake mwishoni kwa herufi kubwa kuliko za bibi harusi.

"Huyo mwenye kitenge cha njano ni marehemu, alikufa mwaka juzi. Huyo pembeni hatuongei naye siku hizi. Huyu naye, muone anavyokula, utadhani alichanga! Huyo wa shati la kijani, nyuma ya Machage, shemeji yake Agustina, aliazima sufuria yangu kubwa siku ile ile, na mimi mpaka leo naisubiri."

Kulikuwa na sehemu moja tu ambayo hata yeye aliiona haina maana. Ni pale Machage anaposimama na kipaza sauti. Hachezi, hanywi soda, hatembei. Amesimama wima na koti lake na midomo inakwenda. Siku ya sendofu yenyewe Nyangi hakuwepo pale mbele. Alikuwa nyuma ya nyumba anapigana na wapishi waliokuwa wanaficha nyama. Kwa hiyo kila ikifika sehemu hiyo alimgeukia mgeni, akampungia mkono: "Hapo anaongea tu, hapo hamna kitu." Halafu akautumia muda huo kuanza habari ya sufuria upya, kwa marefu na mapana yake. Watu kwenye muvi walicheka, na Nyangi alijua wanacheka koti.

Ndoa iliyotokana na sherehe hiyo haikudumu kama muvi yake. Bwana harusi, Raphael, mwalimu wa Kenyamonta mwenye meno mazuri na tabasamu lisilozimika, alimchukua Veronika akamfundisha kunyamaza. Hakumpiga sana, alimkatisha tu. Veronika akianza sentensi, Raphael aliimalizia. Akicheka mbele za watu, nyumbani aliulizwa amecheka nini. Ilifika mahali akawa anapita ndani ya nyumba ile kama mtu aliyekuja kuazima kitu. Alikaa huko miaka akivumilia kwa sababu moja. Kwa desturi ya Kikurya mke akirudi kwao, ng'ombe nao hurudi walikotoka, na ng'ombe wale baba yake aliwaacha zizini. Kuwatoa aliona ni kumzika mara ya pili.

Siku Raphael alipoleta mwanamke mwingine, Veronika alirudi Itiryo na begi moja. Baba zake wadogo wakawatoa ng'ombe, wakawaswaga kuelekea Kenyamonta, kimya, bila mwendo wa polepole na bila mioyo. Vyote vya harusi vikawa vimekwisha. Ikabaki muvi.

Mtu mwingine angeona haya. Nyangi hakuona. Mgeni akija, muvi iliwashwa vile vile, na bibi harusi mwenyewe yuko chumba cha pili anashona sare za shule. Sauti ikifika kwenye vigelegele, cherehani ilikanyagwa kwa hasira mpaka uzi unakatika. Veronika aliwahi kuitazama muvi ile mara moja tu, mama yake akiongea pembeni, na tangu arudi hakuitazama tena. Wakati mwingine alisema moyoni afadhali baba alitangulia, hakuiona aibu ya zizi tupu. Siku moja alilisema kwa mdomo. Nyangi, ambaye hakukosa jibu hata kwa redio, siku hiyo alichukua ndoo akaenda kukamua.

Sasa akatokea Anselm. Huyu alikuwa muuguzi wa zahanati, mtu wa Sumbawanga aliyeletwa Itiryo na serikali, na alianza kuja kwa Veronika kupunguza suruali. Alipunguza suruali zote alizokuwa nazo, kisha akaanza kuzirefusha. Kijiji kizima kilishaelewa kabla wao wenyewe hawajaelewa. Alikuwa na tabia moja iliyomshangaza Veronika: akiulizwa kitu anajibu, halafu anasubiri na wewe umalize. Mwishowe akasema mama yake, Honoratha, na mjomba wake, Isack, watasafiri kuja kujitambulisha.

Veronika akamkalisha mama yake chini.

"Mama, hawa watu wanajua niliwahi kuolewa. Wameambiwa. Lakini kuambiwa sio kuonyeshwa keki. Ile muvi ifutwe."

"Ifutwe vipi?"

"Ifutwe, mama. Mimi siwezi kuanza maisha na mwanaume mwingine wakati kila anayekuja hapa ananikuta naolewa na Raphael."

"Na baba yako?" Nyangi akauliza. "Baba yako nimtoe wapi?"

Veronika aliipenda ile sauti ya baba yake, lakini kila akiikumbuka muvi aliona meno ya Raphael kwanza. Akasema polepole kwamba baba yuko moyoni. Nyangi akajibu kwamba moyoni hachezi.

Walivutana siku kadhaa, mmoja akikanyaga cherehani na mwingine akigonga vyombo. Mwishowe mama akashindwa, maana yule alikuwa mtoto wake na alikuwa hai. Wakakubaliana hivi: flashi yenye muvi itatolewa kwenye televisheni, wageni wakishaondoka itakabidhiwa kwa Veronika, naye ataifuta.

"Na mama, siku hiyo," Veronika akaongeza akiangalia sakafu, "jitahidi usiongee sana."

"Mimi naongea sana?"

Veronika aliinuka akarudi kwenye cherehani. Hata kuku aliyekuwa mlangoni alitoka nje.

Nyangi aliichomoa flashi mbele ya binti yake, akaifunga kwenye pindo la kanga. Alitembea nayo hivyo mpaka siku ya wageni, akienda kisimani nayo, akikamua nayo. Asubuhi ya siku yenyewe, Veronika alipokwenda senta kufuata soda, moyo ukamshinda. Akasema amwone Machage mara moja tu, ile ya mwisho, kabla hajafutwa. Akaichomeka. Alikuwa amefika kwenye soda na mrija, machozi yanamtoka bila kelele, aliposikia pikipiki uani.

Hapo kosa halikuwa lake. Itiryo mgeni akisema saa nne, watu wazima wanaelewa ni saa saba. Hawa wa mikoani walisema saa nne wakafika saa nne. Nyangi alizima televisheni, akajifuta uso, akakimbilia nje kupokea wageni. Flashi ilibaki ilipo.

Honoratha alikuwa mama mnene mwenye macho matulivu, amevaa vitenge vya kufanana juu na chini. Isack, mjomba, alikuwa mwembamba na mwenye shingo ndefu, na kabla hajaingia ndani alishasimama zizini akimsifia ng'ombe pekee aliyebaki. Veronika akarudi na soda, akapiga goti, "Shikamoo mama, shikamoo mjomba," sauti yenyewe haisikiki. Anselm alikuja nyuma yao, amevaa moja ya suruali zake.

Na Nyangi alitimiza ahadi. Aliulizwa hali, akajibu nzuri. Aliulizwa mvua, akajibu zipo. Akamwacha jirani yake Agustina akae na wageni, akaenda jikoni kusonga ugali huku amebana midomo. Wageni waliona wamepata mkwe mpole sana, mwanamke wa maneno ya kupima.

Agustina naye alikuwa mtu mwema. Amekaa kwenye lile kochi kuanzia enzi za Machage, na alichojua kuhusu kupokea wageni alijifunza katika nyumba hii. Aliona wageni wamekaa, aliona wameshapewa maji ya kunywa, aliona pia kuna kitu kimesahaulika. Akanyoosha mkono, akawasha muvi.

Nyangi aliingia na beseni la kunawa mikono akakuta ng'ombe wanaingia polepole. Veronika alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya nyama, rangi imempotea. Raphael alikuwa kwenye kioo cha televisheni, meno yote nje, anamlisha keki.

"Na huyu kijana?" aliuliza Honoratha.

"Alikuwa mkwe," alisema Agustina, ambaye ndiyo kwanza alianza kuelewa alichofanya.

"Aa. Ana meno mazuri."

Veronika akaweka sahani chini, akaikimbilia rimoti. Lakini litungu likalia, na mzee mmoja aliyevaa koti kubwa kuliko yeye akarukia katikati ya uwanja, mioyo ikimfuata kichwani.

"Acha kwanza, mwanangu," alisema Honoratha, ameshika mkono wa Veronika. "Huyo ni nani?"

"Baba."

"Marehemu?"

"Ndiyo, mama."

Mjomba Isack akavua kofia. Basi tena. Raphael angezimwa hata mara mia na hakuna ambaye angelalamika, lakini kumzima marehemu usoni mwa wageni, tena akiwa anacheza, jambo hilo halikuwezekana. Veronika aliishusha rimoti. Nyangi alisimama na beseni lake. Aliikumbuka ahadi yake, akabana midomo. Ndivyo ilivyotokea kwamba kwa mara ya kwanza tangu Steven aikate na kuiunga, muvi ile ilisikika.

Machage alimaliza kucheza. Akapewa kipaza sauti, akakishika mbali na mdomo kama kitu kinachoweza kuuma. Nyangi alizoea kugeuka hapo. Leo hakuwa na pa kugeukia.

"Mura, kijana wangu Raphael," alisema Machage, na sauti ilikuwa ile ile, ya chini, yenye kikohozi ndani yake. "Mimi sina maneno. Maneno ya nyumba hii anayo mama yake."

Watu kwenye muvi wakacheka. Hawakuwa wanacheka koti.

"Nilipomleta hapa nilidhani atanyamaza akizoea. Hakuzoea. Naamka anaongea, nakula anaongea. Ng'ombe wenyewe wanamjua. Nilikuwa nakasirika, mura, nakwambia ukweli. Sasa mimi ni mzee. Nikitoka mnadani, nikifika kule mtoni nikisikia hiyo sauti, najua nyumba yangu ni nzima. Siku nikifika nisiisikie, nitajua hapa sio kwangu tena. Kwa hiyo mimi mke wangu namwacha aongee."

Akakohoa. Raphael kando yake alikuwa anaitikia kwa kichwa na kutabasamu, kama mwanafunzi anayesubiri kengele.

"Na huyu mtoto ana damu ya mama yake. Muache aongee. Vero hayupo hapa, wanambadilisha nguo huko ndani. Nyinyi mtamwambia. Mwambieni akiona huko aliko amenyamazishwa, asikae. Arudi. Ng'ombe wanakuja na wanakwenda, tangu nizaliwe ndivyo nawaona. Mlango wa zizi langu ni miti mitupu, hauna kufuli. Nimemaliza."

Akatafuta mtu wa kumpa kipaza sauti, akamkosa, akakiweka mfukoni mwa koti.

Uwanja mzima ule ulisikia siku ile, na hakuna aliyemwambia Vero. Kila mmoja alisema moyoni kwamba yamo kwenye muvi, atayasikia humo. Agustina alikuwa analia waziwazi. "Mama Vero, kumbe ulikuwa hujui?" alisema. "Sisi tulidhani unaongea hapo makusudi, unaona aibu mzee anavyokusifia."

Nyangi aliweka beseni chini, maji yakamwagika kidogo. Alikuwa amemtazama mume wake mara zisizo na hesabu, anajua mpaka kifungo kilichokosekana kwenye lile koti, na siku zote hizo mtu huyo alikuwa anamwambia neno, naye anampungia mkono kwamba hamna kitu. Iliuma, tena ilimchekesha, na hakujua aanze na lipi.

Veronika alikuwa ameketi sakafuni pale pale aliposimama. Miaka yote aliyokaa kwa Raphael akiwalinda ng'ombe wa baba yake, baba mwenyewe alikuwa hawajali kiasi hicho. Alilia kwa sauti, kilio ambacho hata msibani hakukilia, na Anselm hakumwambia anyamaze. Alimpa kitambaa akasubiri.

Kwenye televisheni Steven alikuwa ameshahamia kwa wageni wanaokula, mioyo inaelea juu ya pilau. Honoratha alimtazama mwenyeji wake, akaona amesimama tu, mikono imelegea.

"Mama Veronika," alisema taratibu, "tumeambiwa maneno ya nyumba hii unayo wewe. Mbona leo tumekuja na umetunyima?"

Nyangi alimtazama binti yake, maana ahadi ni ahadi.

Veronika aliokota rimoti. Akarudisha nyuma, ikapita keki na meno ya Raphael, ikapita ng'ombe, mpaka kwenye maandishi ya moto. Akamsogezea mama yake kiti karibu na televisheni, akamfuta maji ya beseni miguuni kwa pindo la gauni lake.

"Mama," alisema, "ongea."

Nyangi akaketi, akasubiri maandishi ya moto yapite, akanyoosha kidole.

"Huyo mwenye kitenge cha njano," akasema, "ni marehemu."